Kabla, Baada na Dawa ya Uvivu

Mtu mwenye povu kidevuni na wembe shingoni hana pa kukimbilia, na Kinanda alilijua hilo. Ndiyo maana alipenda kukaa kwa vinyozi hata siku ambazo hakuwa na ndevu za kunyoa. Wenye mali wakikaa kwenye kile kiti husema ukweli wao wote, wakidhani wanazungumza na kioo.

Asubuhi hiyo kioo kilikuwa kinazungumziwa na mwenye dobi, mtu mnene wa shati jeupe, aliyefua shuka za hoteli tatu na magwanda ya nusu ya mji. Alilalamika kwamba ana wafanyakazi ishirini na wawili na kila mmoja ni mzigo. Shuka zinachelewa, hoteli zinanuna, na yeye mwenyewe halali. Kinyozi aliguna kwa heshima, kama anavyomgunia kila mteja. Mwenye dobi akasema laiti kungekuwa na sindano ya uvivu, angewachoma wote Jumatatu asubuhi kwa foleni.

"Ipo," alisema Kinanda kutoka kiti cha jirani, bila hata kugeuza shingo. "Ila si sindano. Ni ya kunywa."

Tumweleze mtu huyu sasa hivi, maana akishaanza kusema hatutapata nafasi. Aliitwa Kinanda kwa kuwa mdomo wake, ukiugusa popote, unatoa wimbo. Alikwishawahi kuwa daktari wa meno, fundi wa minara ya simu, na kwa siku mbili na nusu alikuwa mchungaji, kazi aliyoiacha kwa sababu waumini waliuliza maswali. Miaka minne hii ya mwisho alikuwa ametulia kwenye biashara moja tu: dawa iitwayo Amsha Damu, iliyotengenezwa kwa maji, tangawizi, sukari ya kuungua na ujasiri.

Dawa kama hiyo kila mjanja anayo. Alichokuwa nacho Kinanda, na wenzake hawakuwa nacho, ni wanawake wawili mapacha.

Mmoja alikuwa mchumba wake. Uchumba wenyewe ulikuwa umefikisha miaka saba, umri wa kuanza shule, na bado Kinanda alikuwa anasubiri mambo yakae sawa. Huyu alikuwa mwepesi, mkali wa macho, na alijua kuendesha gari lolote lenye magurudumu. Mwingine, aliyemtangulia kuzaliwa kwa dakika chache, ndiye dada, na kwa Kinanda ndiye shemeji. Walizaliwa wanafanana hivi kwamba mama yao aliwafunga uzi mkononi asije akamnyonyesha mmoja mara mbili. Wakaendelea kufanana hadi walipotimiza miaka ishirini na sita. Hapo dada akaanza kupungua kasi. Uso ukaumuka, sauti ikakwaruza, ngozi ikakauka, nywele zikabaki kwenye kitana. Alinenepa ingawa sahani yake iliondolewa ikiwa nusu. Aliweza kulala tangu machweo hadi jua kali, akaamka amechoka kama aliyelima.

Watu waliona huruma. Kinanda aliona biashara. Alimpandisha jukwaani huyu mzito, akawaambia watu wamtazame vizuri. Baada ya wiki chache alirudi na yule mwepesi, amevaa gauni lile lile, akawaambia watazame sasa. Nyumbani aliwaita Kabla na Baada, na majina yakashika hata wao wenyewe wakaitana hivyo.

Watazamaji wengine walikuwa wakimsifu Kabla kwa siri kwamba anajua kuigiza. Hakuwa anaigiza. Alikuwa anasimama tu pale, anasikia baridi, anasubiri ruhusa ya kukaa. Na mtu akiitwa mvivu mbele ya umati kwa miaka minne, mwisho anakubali. Kabla alikuwa amekubali. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba yeye ni mvivu, na kwamba ni bahati kupata shemeji aliyemwona ana faida.

Kwa mwenye dobi, Kinanda alipanga kazi ya polepole. Mwenye mali, alisema, lazima kwanza aumie. Alimwambia mwenye dobi kwamba atamletea mgonjwa wa uvivu, mbaya kuliko wote aliowahi kuwaona. Mwenye dobi amwajiri mwezi mmoja, aonje. Kisha Kinanda atamchukua kwa wiki nne za dawa, amrudishe. Mwenye dobi akiridhika, atatoa ile pikapu yake ya pili, nyekundu, ya kubebea shuka, na yeye atapewa mapipa ya Amsha Damu na haki ya kuwa mwenye dawa peke yake katika mji mzima.

Mwenye dobi aliuliza swali moja tu: je, wafanyakazi watajua kwamba wanapewa dawa?

"Chai wanakunywa?" aliuliza Kinanda.

Wanakunywa, alisema mwenye dobi, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alitabasamu. Wakapeana mikono, povu likadondoka kwenye mkono wa Kinanda, naye akaliacha likauke.

Hivyo Kabla akaingia kazini, chumba cha pasi, meza ya tatu. Chumba kile kilikuwa na pasi saba za umeme, bomba la mvuke lililovuja, na dirisha moja lililokwama. Wapiga pasi walifanya kazi wamefunga vitambaa vichwani ili jasho lisidondoke kwenye mashati ya wateja. Kabla alikuja na sweta. Alilifunga vifungo vyote hadi shingoni, akapiga pasi foronya moja wakati wenzake wanamaliza sita. Mwenye dobi alipita mlangoni mara tatu kwa siku kumtazama, akaumia kama ilivyopangwa.

Meza ya nne alikuwa mama mmoja wa makamo ambaye wote walimwita Mama Pasi. Hakusema sana. Siku ya tano aliisimamisha pasi yake mezani, akamshika Kabla kiganja, akakiona kina baridi kama chupa ya maji. Akamtazama usoni muda mrefu, hasa kwenye nyusi, ambazo kwa upande wa nje zilikuwa zimeisha.

"Mwanangu, baridi hii umeanza kuisikia lini?"

"Mimi ni mvivu tu, mama," alisema Kabla kwa ile sauti yake ya kukwaruza. "Nimezaliwa hivi."

"Mvivu hutafuta kivuli. Wewe unaisogelea pasi."

Kwenye maigizo ya Kinanda hakuna aliyewahi kuligusia hilo. Mama Pasi akamweleza, huku anakunja mikono ya mashati, kwamba yeye mwenyewe miaka ya nyuma alidhaniwa mlevi. Alisahau majina ya watoto wake, aliongea kama aliyelewa, na mume wake alikuwa akimnusa mdomo kila jioni. Kumbe ilikuwa tezi, ile iliyo mbele ya shingo, chini ya kikoromeo. Ilikuwa imelegea kazini, na ikilegea hiyo, mwili wote unalegea nayo. Sasa anameza kidonge kimoja kila asubuhi, na mume wake amebaki hana cha kunusa. Jumamosi wataenda wote kituo cha afya, alisema, na hakuwa anaomba.

Daktari wa kituo alikuwa mwanamke mdogo wa umri, mwenye kalamu mbili nyweleni. Alimuuliza Kabla anasumbuliwa na nini. Kabla alijaribu kutafuta maneno yake, hakuyapata. Basi akasimama, akasema yale aliyokuwa akiyasikia akiwa jukwaani, tangu mwanzo hadi mwisho: kwamba anachoka kabla ya kazi, anaamka amechoka kuliko alivyolala, anasikia baridi wakati wenzake wanatoka jasho, hali lakini ananenepa, choo ni mara moja kwa wiki tena kwa maombi, ngozi karatasi, sauti chura, hedhi nzito isiyoisha, na ukimtajia jina la jirani asubuhi, mchana amelisahau. Alisahau tu kuiruka ile sehemu ya mwisho isemayo dawa ipo na chupa ni chache.

Daktari alikuwa ameacha kuandika. Kisha akaandika haraka haraka.

"Nani amekufundisha kujieleza vizuri hivi?"

"Shemeji yangu."

"Ni daktari?"

"Siku za soko tu," alisema Kabla.

Kinanda, bila kujua, alikuwa amezunguka miji kumi na minne akiitangaza orodha kamili ya dalili za ugonjwa wa kweli. Alikuwa ameinakili kutoka kwenye mwili wa shemeji yake, dalili kwa dalili, kwa bidii ambayo wanafunzi wa udaktari wangeionea wivu. Kitu pekee alichokosea ni jina la ugonjwa na dawa yake.

Daktari alimpapasa shingo, akamwambia ameze mate, akahesabu mapigo ya moyo na kuyakuta ya polepole mno, akamgonga nyuma ya kifundo cha mguu na mguu ukajibu kwa uzembe. Dalili peke yake, alisema, haziapi mahakamani. Uchovu na unene vina baba wengi. Inatakiwa damu. Akamtoa damu kidogo mkononi, kwenye kichupa kimoja, akamwambia arudi Jumatano.

Jumatano majibu yalikuwa wazi. Daktari alimweleza kwamba kuna homoni inayotoka chini ya ubongo, kazi yake ni kuigongea tezi ifanye kazi. Kwa Kabla ile ya kugonga ilikuwa juu sana, na ile ambayo tezi yenyewe hutoa ilikuwa chini kabisa. Mgongaji anagonga hadi mkono unauma, aliye ndani hafungui. Akampa vidonge: kimoja kila asubuhi na maji, tumbo tupu, na chai ingoje angalau nusu saa. Asitegemee maajabu kesho. Itachukua wiki kadhaa, baada ya wiki sita atapimwa tena ili kipimo cha dawa kirekebishwe, na huenda akavinywa maisha yake yote. Na kama ana ndugu wa damu, hasa pacha, naye aje apimwe.

Kabla alilia pale pale kwenye kiti. Hakulilia ugonjwa. Alilia kwa kuwa kile kitu kilikuwa na jina, na jina lenyewe halikuwa uvivu.

Jioni alirudi kwenye chumba walichopanga na akafanya kosa ambalo mwenye furaha hulifanya: alisema. Kinanda alisikiliza kwa makini, chupa ya vidonge mkononi, akiigeuza geuza. Kabla anayepona ni duka linaloungua, na mwenye duka alikuwa yeye. Akasema amefurahi mno. Akasema ila tuwe watu wazima.

"Ugonjwa umekaa miaka minne, shemeji, na haujakuua. Huwezi kuuvumilia miezi miwili zaidi? Nikutunzie hizi. Tukimaliza mji huu, unaanza."

Akaitia chupa kwenye mfuko wa ndani wa koti lake, akaupiga mfuko mara mbili. Baada alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, anatazama sakafu. Walipokwenda kuosha vyombo ndipo akamwambia dada yake kwa sauti ya chini arudi kesho kwa daktari, aseme zimepotea.

Kabla alirudi, akagombezwa, akapewa nyingine. Chupa ile ya pili ilikaa ndani ya soksi. Kinanda aliendelea kuupiga mfuko wake kila asubuhi, akisikia vidonge vinacheza humo, na moyo wake unatulia.

Wiki mbili za kwanza hakuna kilichotokea, na Kabla alianza kuamini kwamba hata tezi yake ni ya kufilisika. Halafu habari njema ya kwanza ikatoka mahali ambapo waandishi wenye staha hawaingii, nasi tutapita mlangoni tu tukisema kwamba haikuwa tena mara moja kwa wiki. Mwezi wa kazi ulipokwisha, Kinanda akamtoa dobi na kumficha chumbani kwa zile wiki nne za dawa. Huko joto likamrudia. Siku moja mchana aligundua sweta linamtekenya kwa jasho, akalivua, akakaa na mikono mitupu anaitazama. Sauti ikasafishika, uso ukashuka, na kichwa kikaanza kukumbuka mambo, mengine ambayo afadhali yangebaki yamesahaulika.

Kinanda akibisha hodi, sweta lilirudi. Alijikunja ukutani, akaongea kwa kukwaruza, akasahau jina la siku. Miaka minne watu walimsifu kwa kuigiza wakati haigizi. Sasa alikuwa anaigiza kweli, na hakuna aliyempigia makofi isipokuwa Baada, kwa macho.

Wiki nne zilipotimia, Baada akapelekwa dobi kama mgonjwa aliyepona. Alipiga pasi kama anayedaiwa na mashati. Mwenye dobi alisimama mlangoni, mkono kifuani, akaita hata mhasibu aje aone. Baada alichukia kila dakika. Siku ya kumi pasi ikamuunguza kiganja, akarudi nyumbani anatukana. Akasema haendi kesho hata waje na kamba.

"Nitakwenda mimi," alisema dada yake.

Walitazamana. Kabla bado alikuwa mnene kidogo, lakini koti la kazi la dobi lilitosha kumfunika hata mjamzito. Akaenda, akasimama meza ya tatu bila sweta, na kufikia saa nne asubuhi alikuwa anatoka jasho kama wengine. Lilimfurahisha jasho lile kuliko mshahara wowote aliowahi kupata. Mama Pasi alimtazama mara moja tu, akarudi kwenye shati lake, midomo imebanwa asicheke.

Saa sita mchana Kinanda akaja kumalizana na mwenye dobi. Alipomwona mchumba wake, kwa alivyodhani, uani anatundika shuka, akampitia nyuma ya kamba, akamshika bega.

"Kesho napewa pikapu, mpenzi," alimnong'oneza. "Wewe unaendesha. Dada yako tutamwacha."

Shuka ilikuwa imelowa, nayo ilimsaidia, maana alijifunika nayo nusu ya uso.

"Tutamwacha wapi?"

"Pale pale chumbani. Tutamwambia tunarudi. Tangu ameambiwa ana ugonjwa hana faida tena, leo au kesho atataka kupona. Nimepata mapacha wengine mji wa mbele. Mmoja anakohoa vizuri sana."

"Na dawa zake?"

Kinanda aliupiga mfuko. "Ninazo. Nitazitupa njiani."

"Sawa," alisema Kabla. Alisema kwa sauti yake mwenyewe, iliyo safi, ambayo Kinanda hakuwa ameisikia kwa miaka minne, na kwa hiyo aliidhani ya mwingine. Alimminya bega na kuondoka anapiga mluzi.

Jioni Kabla alimweleza ndugu yake kila neno, hata kikohozi. Baada alikuwa anapaka kiganja mafuta. Hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja, tena kwa aibu.

"Kweli hakukutambua?"

"Alinishika bega. Akaniita mpenzi."

"Miaka saba," alisema Baada. Akafunga kopo la mafuta, na tangu hapo hakumtaja tena yule mtu kwa jina lolote linaloandikika.

Kesho yake mwenye dobi alifanya sherehe ndogo uani. Aliwaalika wenye hoteli, akampandisha Baada juu ya kreti, akaonesha kiganja kilichofungwa kitambaa kama ushahidi wa bidii. Kisha akatoa karatasi. Ilisema kwamba pikapu ni ya Kinanda, mapipa ni ya mwenye dobi, na kwamba Kinanda mwenyewe atakaa hapo hapo hadi kila mfanyakazi awe kama mwanamke yule, na asipoweza, kazi iliyopungua ataifanya kwa mikono yake. Kinanda alitia saini kwa wepesi wa mtu anayepiga chafya. Jioni ile, kwa hesabu yake, atakuwa mji wa tatu.

Akamrushia Baada ufunguo, akamwambia alizungushe gari mlango wa nyuma, yeye anaaga wageni. Begi lake lilikwishapakiwa. Mama Pasi ndiye aliyefungua geti, na alilifungua pana sana kwa gari dogo namna ile. Kinanda aliaga wageni, akaenda mlango wa nyuma, akasimama. Alisimama hadi kivuli chake kikahama upande.

Kabla alikuwa pembeni mwa kituo cha mafuta na kifurushi kimoja. Aliingia mbele, akashusha kioo hadi mwisho, upepo ukampiga kifuani, na hakusikia baridi. Alicheka peke yake hadi machozi yakamtoka.

"Twende wapi?" aliuliza Baada.

"Kwanza tutafute kituo cha afya. Zamu yako kutoa damu."

Baada akasema yeye haumwi chochote, ni uchovu kidogo tu wa siku hizi na miguu inayopoa usiku.

"Hata mimi nilikuwa nasema hivyo," alisema dada yake, na Baada akabadilisha gia.

Mwenye dobi, alipoona mgonjwa aliyepona ametoweka na gari, hakwenda polisi. Angekwenda, angelazimika kueleza amewatilia nini wafanyakazi wake kwenye chai, na isitoshe wafanyakazi walikuwa wameipenda ile tangawizi hivi kwamba mapumziko ya chai sasa yalichukua saa nzima. Alichokuwa nacho ni karatasi yenye saini, na mlinzi wa getini mwenye mabega. Kinanda akapewa meza ya tatu.

Siku ya nne alianguka kwenye kiti, mkono kichwani, akasema yeye si mvivu, ni mgonjwa. Akaimba wimbo wote: uchovu, baridi, usahaulifu, choo. Aliimba vizuri kuliko siku yoyote ya soko, na mwenye dobi akaingiwa na wasiwasi, maana mfanyakazi akifia kazini ni gharama. Akamuuliza Mama Pasi afanye nini.

"Apimwe," alisema Mama Pasi. "Dalili mtu anaweza kuzisema. Damu haijui kusema uongo."

Mlinzi alimpeleka, akamngoja, akamrudisha, na siku ya majibu akampeleka tena. Daktari alisoma karatasi mbele yao wote wawili: tezi safi, damu safi, moyo wa kijana. Hana chochote kinachomzuia kupiga pasi hadi uzeeni. Mlinzi alimpongeza kwa dhati kabisa, na wagonjwa waliokuwa kwenye foleni, wasiojua habari, walishangaa kumwona mtu mzima ameambiwa ana afya njema, naye ameweka paji la uso juu ya meza ya daktari, analia.